Vidonge vya Bure Vilivyokuja kwa Boti: Tathmini ya Ugawaji wa Dawa za Matende Lamu Mashariki

Huduma ninayoitathmini haina duka, haina risiti, wala haina dirisha la malalamiko. Humfuata mteja nyumbani kwake, humsimamisha kando ya ufito uliochorwa mistari ili kumpima urefu, humpa vidonge vya aina tatu, humsubiri avimeze pale pale, kisha huandika jina lake daftarini na kwenda nyumba ya pili. Ni ugawaji wa dawa za matende na mabusha kwa watu wote, wagonjwa kwa wazima, kama nilivyoupokea nyumbani kwa mama yangu katika Kisiwa cha Pate mwaka 2018, wakati Lamu Mashariki pamoja na Jomvu ya Mombasa zilipokuwa sehemu za kwanza nchini Kenya kupewa mseto wa dawa tatu badala ya mbili zilizozoeleka. Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha wavuvi mjini Amu, yaani mji wa Lamu, sina taaluma ya udaktari, na tangu siku ile nimekuwa nikizisoma tafiti za uchumi wa afya zinazohusu huduma hii kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kila shilingi imetoka wapi na imeingia kwa nani. Kwa hiyo nitaipima huduma yenyewe, na pia nitazipima hesabu zinazotumiwa kuisifu, maana nimeona kwamba mahali pengi huduma ni nzuri kuliko hesabu zake, na mahali pamoja au pawili hesabu ni nzuri kuliko huduma.

Waliobisha hodi walikuwa wawili: binti wa mtaa wa pili ambaye mama alimjua tangu alipokuwa akisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu wetu, na kijana aliyebeba mkoba wa dawa na dumu la maji. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mama aliwakaribisha barazani, akawatandikia mkeka, ndipo akauliza swali ambalo naamini limeulizwa katika nyumba nyingi za pwani hii: "Dawa ya nini, mwanangu, na mimi sina tende wala sina homa?" Binti hakuharakisha. Alimweleza kwamba vimelea vya minyoo inayosababisha matende huletwa na mbu, kwamba minyoo mikubwa huweza kuishi miaka 6 hadi 8 ndani ya mishipa ya limfu huku ikimwaga watoto wake katika damu, na kwamba mtu anaweza kuonekana mzima kabisa ilhali mbu anachota vimelea kwake kila usiku na kumpelekea mjukuu aliyelala chumba cha pili. "Kwa hivyo, mama, unameza kwa ajili yako na kwa ajili ya wale," alisema, akiwaonyesha watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni. Mama akataka kujua kama yeye mwenyewe amemeza. Akajibiwa kwamba amemeza juzi usiku, baada ya chakula. Hapo ndipo mama alipovua ndara na kusimama wima kando ya ufito kama mtoto anayeandikishwa shule.

Mama aliangukia mstari wa vidonge vitatu vya ivamektini, nami nikaangukia vinne, kwa kuwa kuanzia sentimita 159 mtu hupewa vinne vya miligramu 3. Kila mmoja wetu aliongezewa kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 na vile vya dietilikarbamazini, ambavyo wagawaji huviita DEC kwa kifupi. Jirani yetu mjamzito aliandikwa bila kupewa, na mtoto wake mchanga vivyo hivyo. Shughuli yote ya nyumba nzima ilichukua chini ya nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika mazungumzo. Sioni kama ni muda uliopotea. Kama wangefika wakakabidhi vidonge na kukimbilia nyumba ya pili, vya mama vingelala chini ya mto hadi leo.

Jambo hili la kumeza mbele ya mgawaji linastahili kukaziwa, kwa sababu ndipo hesabu za huduma zinaposimama au kuanguka. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilizindua mpango wa dunia nzima wa kutokomeza matende mwaka 2000, hutaka angalau asilimia 65 ya wakazi wote wameze dawa katika kila duru. Neno ni kumeza. Anayehesabu vidonge vilivyotoka mkobani anapata idadi moja, na anayehesabu vilivyoingia tumboni anapata nyingine, na tofauti kati ya idadi hizo mbili hulipwa baadaye, kwa duru ambazo zisingehitajika. Nami nina ungamo dogo hapa. Niliandikwa katika daftari la mtaa wa mama ingawa makazi yangu ni Amu, maana yake ni kwamba nimo katika kiasi cha sehemu ile, yaani hesabu ya waliomeza, bila kuwemo katika asili yake, yaani hesabu ya wakazi. Wageni kama mimi wakizidi msimu wa sikukuu, kijiji kinaweza kuonyesha kwamba kimetibu zaidi ya watu kilionao, na mhasibu yeyote akiona karatasi ya namna hiyo huanza kuikagua upya kuanzia mstari wa kwanza.

Sasa nije kwenye bei. Vidonge ni bure kwa anayevimeza, na kwa sehemu kubwa ni bure hata kwa serikali inayovipokea. Kampuni ya GSK ya Uingereza ndiyo inayotoa albendazoli, kwa ahadi iliyotangazwa mwaka 1998 na kampuni iliyoitangulia. Merck ya Marekani hutoa ivamektini, na mwaka 2017 ilipanua msaada wake ili kuwezesha mseto wa dawa tatu. Eisai ya Japani hutoa DEC. Kinachobaki kulipiwa ni kuifikisha dawa kinywani: mafunzo, usafiri, madaftari, matangazo ya redio na ya vipaza sauti, posho, na usimamizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha programu za nchi 7, Tanzania ikiwa mojawapo, na kukuta kwamba gharama ya kifedha kwa kila mtu aliyetibiwa, bila kuhesabu thamani ya dawa, ilikuwa kati ya senti 6 za dola na dola 2.23. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 30 kwa huduma iliyo moja kwa jina, na ukiifuata tofauti hiyo unaona kwamba kinachoipandisha au kuishusha ni mambo ya kawaida kabisa: watu wanaotibiwa ni wengi kiasi gani, programu ina umri gani, na kazi kiasi gani inafanywa na watu wa kujitolea.

Msomaji wa Lamu hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo. Boti itokayo gati ya Amu kwenda Mtangawanda, gati ya Pate, hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, nahodha husubiri au huzunguka kwa nje, na petroli huongezeka. Ukitoka Pate kwenda Ndau au Kiwayu unaongeza safari nyingine ya bahari kwa ajili ya nyumba chache kuliko zile za mtaa mmoja wa Mombasa. Kwa hiyo wastani wa gharama kwa mtu mmoja wa pwani nzima hauelezi chochote kuhusu mtu wa Ndau. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wachumi wanaoandika kana kwamba mteja ghali ni mteja wa kuachwa mwisho. Kabla ya kampeni kuanzishwa upya pwani mwaka 2015, watafiti walipima damu za wakazi katika vituo vya Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, na kisiwa cha Ndau ndicho kilichoongoza kwa dalili za maambukizi. Mahali palipo ghali zaidi kufika ndipo minyoo ilipokuwa imebaki. Ukiokoa petroli ya kwenda Ndau, umehifadhi mbegu.

Wachumi hutofautisha gharama ya kifedha, yaani fedha zilizotoka mfukoni, na gharama ya kiuchumi, ambayo huhesabu pia thamani ya vitu na muda uliotolewa bila malipo. Napenda tofauti hii, kwa kuwa katika kikundi chetu tunaijua kwa jina jingine: mtu anayetoa mashua yake bure kwa siku moja hajatumia senti, lakini siku hiyo mashua haikuvua. Wagawa dawa wa kijijini kwa miaka mingi walikuwa ndio mashua hiyo. Walitembea jua kali, nyumba kwa nyumba, kwa posho ya siku chache ambayo yule binti aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ya zoezi lililopita ilimfikia baada ya miezi mitatu. Hakulalamika; alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini wamewekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa na nusu kutoka kaunti, na kwangu mimi hatua hiyo, pamoja na wema wake, ina faida ya kihasibu: kazi iliyokuwa imefichika chini ya neno "kujitolea" sasa ina mstari wake katika daftari. Programu itaonekana imepanda bei, lakini bei hiyo ilikuwapo siku zote.

Kuna gharama nyingine ambayo sijaiona ikipewa nafasi inayostahili katika tafiti, nayo ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Usiku ule nilipata kizunguzungu na kichwa kikaniuma hadi alfajiri. Mama hakuhisi kitu. Binamu yangu, ambaye ni mvuvi na aliyemeza siku hiyo hiyo, alipandwa na homa, mitoki ikamvimba kinenani, akalala ndani siku mbili. Wagawaji walikuwa wametutahadharisha, lakini kwa nusu sentensi, wakiwa wamekwisha kufunga mkoba. Sababu inajulikana vizuri: dawa huua watoto wa minyoo walio katika damu kwa wingi na kwa pamoja, na mwili huupokea mkupuo huo kama vita. Maudhi hayo kwa kawaida hupita yenyewe ndani ya siku chache. Lakini tazama ni nani anayeyapata. Asiye na vimelea huamka salama, na aliye navyo vingi ndiye anayeugua; maana yake ni kwamba mtu ambaye programu inamhitaji kuliko wote ndiye anayetozwa bei kubwa kuliko wote, na hutozwa kwa siku za kazi. Mwaka unaofuata, mtu huyo huyo ndiye atakayekuwa shambani wagawaji wakipita.

Watafiti wa humu nchini wameligusa jambo hili. Baada ya duru ya mwaka 2008 walichunguza Kwale na Malindi kwa nini watu wengine humeza na wengine hukataa, na maoni na uzoefu wa mtu binafsi ukaonekana kuwa na uzito. Ninachokidai mimi ni kwamba kitu kikiwa na uzito katika uamuzi wa mteja, basi kina bei, na kikiwa na bei kiandikwe. Siku mbili za binamu yangu hazimo katika dola 2.23, wala hazimo katika senti 6.

Upande wa manufaa una takwimu kubwa ambazo lazima nizitaje, ingawa sizipokei zote kwa mikono miwili. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba tiba zilizotolewa duniani kote kati ya mwaka 2000 na 2014 zingeweza kuepusha hasara ya dola bilioni 100.5 katika maisha yote ya walionufaika. Fedha hizo haziko benki. Sehemu kubwa sana ni thamani ya siku za kazi ambazo watu wasingefanya kama wangevimba miguu, wangepata mabusha, au wangepandwa na homa za mitoki mara kwa mara kila mwaka. Ili kuzipata, mchambuzi huchukua idadi ya siku zinazopotea, huizidisha kwa ujira wa siku, kisha huipunguza thamani ya miaka ya mbele, kwa desturi kwa asilimia 3 kila mwaka. Hesabu hiyo ni halali. Shida yake ni kwamba inamwona kila mgonjwa kama kibarua wa ujira wa kutwa.

Huku kwetu mvuvi halipwi kutwa. Samaki wakiuzwa, fedha hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Baharia akilala na homa ya mitoki, fungu lake kwa kanuni halipo, ila nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe mara nyingi neno "mgonjwa" kando ya jina na kiasi fulani mbele yake, kwa kuwa wenzake wamekubaliana kumkatia kidogo. Nyumbani mkewe husuka makuti ya ziada, na mtoto wa kiume mkubwa huenda bandarini badala ya shule. Hasara ya ugonjwa huo kwa hiyo imegawanyika katika nyumba sita au saba, na hakuna hata mmoja wao atakayejibu "nimepoteza ujira" akiulizwa na mtafiti mwenye fomu. Nadhani takwimu za dunia zinazidisha hasara kwa mtu mmoja na kupunguza hasara kwa jamaa zake, na sijui kama makosa hayo mawili hufutana.

Utafiti ninaouheshimu zaidi katika uwanja huu haukuhusu matende. Ulifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, katika shule 75 za msingi, na ulichapishwa mwaka 2004 na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer. Wanafunzi walipewa dawa za minyoo ya tumbo, hasa albendazoli, kidonge kile kile nilichokimeza Pate, na watafiti walipolinganisha shule zilizoanza mapema na zilizochelewa, utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa. Jambo la kushangaza lilikuwa kwamba hata watoto ambao hawakumeza, pamoja na wa shule za jirani, walinufaika, kwa kuwa minyoo iliyopungua kwa mmoja haimfikii mwingine. Mwaka 2015 wachambuzi wengine waliirudia hesabu, wakapata makosa na kuutilia shaka ukubwa wa baadhi ya matokeo, na ukazuka ubishi mkali kati ya madaktari na wachumi ambao haujaisha kabisa. Kisha mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya kuwafuatilia watoto wale wale miaka 20 baadaye: waliopata miaka 2 hadi 3 zaidi ya dawa walikuwa na mapato kwa saa yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 13, na matumizi yaliyozidi kwa asilimia 14. Kremer alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Nikikaa katikati ya ubishi huo, naona kwamba hata aliye na shaka kali hawezi kusema kidonge cha senti chache kilikuwa biashara mbaya. Anachoweza kusema ni kwamba faida huenda ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Kutoka Busia hiyo hiyo lilitoka jambo jingine ambalo wanaotaka huduma hizi "zijitegemee" wangelisoma mara mbili. Shule zilipotakiwa kuwatoza wazazi ada ndogo ya dawa, walioitumia walipungua kwa asilimia 80. Kwa mhasibu hilo linaeleweka mara moja. Mzazi hulipa kwa manufaa ya mwanawe, lakini sehemu kubwa ya manufaa huenda kwa watoto wa jirani, na hakuna mzazi anayekubali kulipia bili ya mtaa mzima peke yake. Kwa sababu hiyo naipa huduma ya Lamu Mashariki alama zote kumi kwa kuwa bure, na ningepinga kwa nguvu pendekezo lolote la kuweka hata shilingi kumi mlangoni.

Alama zinaanza kupungua nikifungua kalenda. Ugawaji wa pwani ulianza Kilifi mwaka 2002 na kufika Malindi na Kwale mwaka 2003. Mpango wa dawa mbili hutaka duru ya kila mwaka kwa angalau miaka 5 mfululizo. Badala yake zikaja 2005, 2008, 2011, kisha kimya hadi 2015. Nani wa kulaumiwa, sitaki kuingia huko. Fedha za wafadhili huja na kuondoka, na dawa za bure hazina maana kama hakuna aliyelipa petroli. Lakini hasara yake inahesabika bila fomula yoyote. Minyoo mikubwa huishi miaka 6 hadi 8, na dawa hizi huua zaidi watoto wake kuliko hiyo mikubwa yenyewe. Ukiruka miaka mitatu, walio hai huzaa tena, mbu huchota tena, na duru uliyoilipia mwanzo inakuwa kama wavu ulioshonwa nusu na kuachwa juani. Togo, iliyopita njia hiyo bila kuiachia katikati, ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuondoa matende kama tatizo la afya ya umma, na Malawi ikafuata mwaka 2020. Hoja ya kiuchumi ya mseto wa dawa tatu, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2017, iko hapa hapa: husafisha damu kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo duru chache hutosha, na kwa visiwa ambako boti ni ghali kuliko vidonge, duru iliyoepukwa ni akiba kubwa.

Alama nyingine ninaziondoa kwa ajili ya mjomba wangu. Ana tende ya mguu wa kushoto tangu kabla sijaoa, na siku ile alipewa dawa kama sisi sote, akaandikwa, akaachwa. Vidonge haviurudishi mguu wake ulivyokuwa. Kinachomsaidia ni beseni, maji safi, sabuni ya kawaida, taulo la kukaushia kati ya vidole, na kuuinua mguu anapoketi. Aliyafundishwa hayo baadaye na muuguzi mmoja, na tangu alipoanza kuyafanya kila jioni homa zake za mitoki, zilizokuwa zikimlaza karibu wiki nzima kila mara, zimekuwa za nadra. Niliwahi kumwandikia matumizi ya mwezi: sabuni ndiyo iliyokuwa kitu pekee cha kununua kila mara. Kwa kulinganisha na siku anazoziokoa, sijaona katika madaftari yangu uwekezaji wenye marejesho ya namna hiyo, na ni ajabu kwamba mkoba uliobeba dawa za mamilioni haukuwa na kipande kimoja cha sabuni wala karatasi ya maelekezo. Wenye mabusha nao hali yao ni hiyo hiyo. Upasuaji wao ni mdogo na humrudisha mtu kazini, lakini unahitaji safari, kitanda, na ujasiri wa kulitaja jambo ambalo wazee wetu walilisingizia madafu na ambalo bado hufanyiwa mzaha barazani. Mgawa dawa aliyepimwa kwa idadi ya vidonge hana sababu ya kuuliza, "Kuna mwenye mshipa, yaani busha, humu ndani?" Angelipwa japo kidogo kwa kila jina analolipeleka zahanati, angeuliza.

Kuhusu mbu sina mengi. Hapa pwani vimelea hivi husambazwa na mbu wa malaria na pia na mbu wa kawaida wa maji machafu, hivyo chandarua kinachogawiwa kwa bajeti ya malaria hufanya kazi ya matende bila kuidai sehemu ya fedha. Nyumba za kale za Amu zilifuga samaki wadogo katika birika, yaani matangi ya maji ya kujengwa, ili wale viluwiluwi, na hata leo unaweza kuwaona. Visiwani ambako watu hunywa maji ya mvua kutoka majabia, sikuona mtu wa kampeni akichungulia jabia hata moja.

Kwa jumla, basi, utoaji wa huduma naupa nane kwa kumi, ustahimilivu wa ratiba nne, na huduma kwa waliokwisha kuvimba mbili. Kwa atakayebishiwa hodi duru ijayo, ale kwanza, awe na maji ya kutosha, aseme ukweli kuhusu ujauzito au ugonjwa mkubwa, na aulize mapema atajisikiaje usiku. Nilipompa binamu yangu rasimu ya tathmini hii aisome, aliruka mabilioni yote, akaja kwenye siku zake mbili. Alisema hana ugomvi na dawa, na kwamba ana ombi moja tu, ambalo nimelipeleka kwa yule binti naye ameliandika nyuma ya daftari lake: waje Alhamisi jioni. Ijumaa wengi wao hawaendi baharini hadi baada ya sala, na maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, yakiwa makali hata Jumamosi hawaendi, kwa hiyo homa itawakuta wamelala majumbani mwao na hakuna fungu litakalokatwa.